Mama Kimya Asimama Mahakamani

Mtaa mzima ulimwita Mama Kimya. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kushona nguo. Wateja walimwonyesha kwa vidole: fupi, ndefu, bana hapa. Yeye aliitikia kwa kichwa, akakanyaga cherehani yake.

Mengine yote aliyasema dada yake mkubwa. "Mdogo wangu amechoka. Mdogo wangu anapenda chai ya sukari nyingi." Dada alimpenda mno, hata akasahau kumuuliza.

Mume wa Mama Kimya alipofariki, shemeji yake alikuja na ndugu. Akaongea harakaharaka huku akionyesha nyumba. Mama Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Mmeona wenyewe!" shemeji akasema. "Amekubali kuniachia nyumba."

Mama Kimya hakutoka. Shemeji akafungua kesi ili atolewe.

Dada akamkimbilia jirani yao, ambaye ni msaidizi wa kisheria. "Nitakwenda kumsemea," alisema.

"Utasema nini, dada yangu? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini maskini, hawezi kusema."

"Hawezi kusema, au sisi ndio hatumsikii? Mwambieni karani wa mahakama mapema kwamba anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Ni haki yake, wala hatalipa kitu."

"Huyu hakwenda shule. Alama zake ni za humu humu nyumbani."

"Basi tutaomba mkalimani aje azizoee kwanza."

Mkalimani alikuja, mwanamke mchangamfu. Alikaa kando ya cherehani, na punde wote wawili wakacheka mpaka machozi. Dada aliduwaa mlangoni. Kumbe mdogo wake ana utani!

Siku ya kesi ikafika.

"Mheshimiwa, aliitikia mbele ya mashahidi," alisema shemeji.

Dada akainuka ili ajibu. Hakimu akamwashiria akae. Akamtazama Mama Kimya mwenyewe.

"Mama, ulikubali nini siku ile?"

Mkalimani akauliza kwa mikono. Mama Kimya akasimama. Akaonyesha midomo inayokwenda mbio, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mkalimani akasema: "Watu wakinisemesha, huitikia. Maana yake ni kwamba nimeona unaongea. Simaanishi nimekubali."

Halafu mikono ya Mama Kimya ikaanza kujenga. Ikachota mchanga, ikapanga tofali juu ya tofali, ikasimamisha mlango. Yeye alishika upande huu, marehemu upande ule. Watu waliiona nyumba ile ikiinuka mbele yao. Askari wa mlangoni alivua kofia bila kujua.

"Ni kweli walijenga pamoja?" hakimu akamuuliza shemeji.

Shemeji akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mheshimiwa."

Hakimu akaamua kwamba kuitikia kule hakukuwa kukubali. Mama Kimya hatatolewa katika nyumba yake.

Jioni ile dada alichemsha chai kama kawaida. Akachukua kijiko cha sukari, mkono ukasita. Akamgeukia mdogo wake. Kwa vidole vizito, kama alivyofundishwa na mkalimani, akamuuliza: nitie?

Mama Kimya akacheka. Akakifunika kikombe kwa kiganja.

Hapana. Hajawahi kuipenda.

Dada akaweka kijiko chini, akalia kwa furaha. Kisha akamuuliza swali la pili.