Printa ya Nasike Yakosa Mkalimani

Kawangware nzima hakuna mwanamke mzee anayeijua kompyuta kama mimi. Naijua mbele na nyuma. Mbele naipangusa vumbi asubuhi, nyuma naipangusa jioni. Kuiwasha sijui.

Kompyuta hiyo ni ya binti yangu Nasike. Ana chumba kidogo cha mabati karibu na steji ya matatu. Hapo anapiga chapa barua, kadi za harambee na programu za mazishi. Mimi nakaa nje mlangoni, nauza njugu. Mume wake Khamala akiwa ndani, mimi siingii. Sisi watu wa Bungoma tuna heshima zetu. Mama mkwe hampi mkwe wake mkono. Hawaketi benchi moja. Nikitaka kumwambia Khamala neno, namwambia Nasike, naye Nasike anamwambia Khamala, hata kama Khamala amesimama hapo na amesikia yote.

Jumapili moja mwaka wa 1998, Khamala alisema kichwa kinamuuma, hawezi kwenda kanisani. Mimi nilitoka ibadani mapema, maana mhubiri hakuwa na haraka na mimi nilikuwa na njaa. Nikapita karibu na duka. Nikasikia kompyuta ikipiga muziki kidogo. Siku zote nimeipangusa, haijawahi kuimba.

Kesho yake Nasike aliikuta skrini imebadilika sura. Khamala akamweleza kwamba ni stima. Ilipotea, ikarudi na nguvu nyingi, ikaleta rangi mpya. Nasike aliamini. Stima ya Kawangware imeshafanya makubwa kuliko hayo.

Jumanne akaja Wakoli, fundi wa viatu kutoka Riruta Satellite. Alikuwa amefiwa na mama yake, Mama Nafula. Basi la kupeleka maiti nyumbani lilikuwa liondoke Alhamisi alasiri. Alitaka programu nzuri ya mazishi. Alisema mama yake alilima na kulea maisha yake yote, na jina lake halikuandikwa popote ila kwenye kitambulisho na kadi ya hospitali. Safari hii liandikwe kwa herufi kubwa.

Nasike akapiga chapa yote, majina ya watoto na wajukuu. Kisha akaiamuru printa. Ni printa ya zamani, ya kulia kama cherehani, na karatasi zake zimeshikana, zina matundu pembeni. Ikalia. Karatasi ikatoka. Jina la Mama Nafula halikuwepo. Kulikuwa na nyota, vistari na herufi zisizosomeka. Nasike akajaribu tena. Yakatoka yale yale.

Khamala alikuwa hapo. Angesema ukweli wakati huo, mambo yangeisha. Lakini alitikisa kichwa kama mzee wa kanisa, akasema, "Huyu mama amekataa. Kuna jina limeachwa."

Maneno hayo yalifika Satellite kabla ya Wakoli. Baba yake alikuwa na wake wawili, kwa hivyo nyumba mbili. Watu wa nyumba ndogo wakasema wajukuu wao ndio wameachwa. Watu wa nyumba kubwa wakasema hakuna aliyeachwa. Wazee nao wakasema basi lisiondoke mpaka marehemu aombwe msamaha.

Jioni Wakoli alirudi, akaketi kando ya njugu zangu, akashika kichwa.

"Kukhu," akaniambia, yaani nyanya, maana wote huku huniita hivyo, "ndugu zangu hawaongei tena. Mama atakaa mochari mpaka lini?"

Moyo uliniuma. Ningependa kumuuliza Khamala kuhusu ule muziki wa Jumapili. Lakini mkwe ni mkwe. Nikamwambia Nasike aende Kibera, Kisumu Ndogo, amlete Adero.

Adero ni fundi wa kompyuta. Duka lake liko katikati ya wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Anajisifu kunishinda, tofauti ni kwamba yeye anajua. Alifika Jumatano asubuhi, Wakoli akiwa tayari anasubiri.

"Sasa mathe," akanisalimia, yaani mama, akachota njugu zangu bila kuuliza bei.

Akazitazama zile karatasi, akacheka. Akauliza ni kitu gani kimebadilishwa. Khamala akasema hakuna kilichoguswa. Nasike akasema ni stima tu. Adero akanigeukia mimi mlangoni.

"Mimi kompyuta siijui," nikasema. "Najua tu kwamba tangu Jumapili inaimba."

"Basi imewekwa mfumo mpya wa kuiendesha," Adero akasema. "Na stima haileti mfumo."

Khamala akasema labda ni fundi fulani alipita wakati Nasike ameenda sokoni. Adero aliniuliza mimi.

"Mathe, wewe na Khamala mnaongea?"

"Kupitia Nasike."

"Na Nasike akienda sokoni?"

"Tunanyamaza."

"Basi kompyuta na printa ni mama mkwe na mkwe. Haziongei zenyewe. Katikati kuna maagizo yanaitwa draiva. Draiva ndiyo Nasike, ndiyo mkalimani."

Akaeleza polepole. Mfumo wa zamani ulikuwa na mkalimani wa printa hii. Mfumo mpya ulipoingia, ulikuja na wakalimani wake wengi, lakini wa printa hii hayumo. Printa imezeeka, na walioitengeneza wameacha kuiandikia draiva mpya. Aliyeweka mfumo akachagua jina la printa yoyote kwenye orodha. Sasa mkalimani huyo anasema lugha ambayo printa haijui. Printa inasikia kelele, nayo inaandika kelele.

Wakoli akauliza, "Kwa hivyo mama hajakataa?"

"Mama hana neno na mtu. Hata printa si mbovu. Msiitupe."

Adero akaomba kitabu kilichokuja na printa. Nasike alikuwa amekihifadhi chini ya godoro pamoja na disketi. Adero akakisoma, akaweka kidole mahali. Kitabu kilisema printa hii inaelewa pia lugha ya printa nyingine, iliyojulikana zaidi. Draiva ya hiyo nyingine ilikuwemo kwenye mfumo mpya. Adero akaichagua. Ingekosekana, alisema, ingebidi kurudisha mfumo wa zamani, na si aibu.

Printa ikalia. MAMA NAFULA, kwa herufi kubwa nyeusi.

Wakoli alilisoma jina kwa kidole, herufi baada ya herufi. Kisha akatoka mbio na karatasi hata viatu hajafunga, yeye fundi wa viatu. Nyumba kubwa ikasoma, nyumba ndogo ikasoma. Wajukuu wote walikuwemo. Alhamisi basi likaondoka na nyumba zote mbili ndani, na nikasikia walianza kuimba kabla ya kufika Limuru.

Siku hizi Nasike hawekei kompyuta mfumo mpya kabla ya kuuliza kama printa yake ina draiva ya mfumo huo. Anauliza pia kama kazi ya mtu inasubiri. Kazi zake anazinakili kwenye disketi kwanza, na kitabu cha printa kimetoka chini ya godoro, kina kabati. Wateja waliotishwa na uvumi wamerudi. Njugu pia zinatoka.

Wiki iliyofuata mazishi Adero alipita kuangalia kama yote ni sawa. Khamala bado alikuwa akimlaumu yule fundi aliyepita. Mimi nikamwomba Nasike amuulize Adero swali la kizee, maana lilipita karibu na mkwe: je, kompyuta hukumbuka mgeni?

"Hukumbuka," Adero akasema. "Ukiweka mfumo mpya, unakuuliza jina lako."

Akabonyeza hapa na pale. Skrini ikafunguka. Nasike akasoma kwa sauti: "Mkurugenzi Khamala."

Khamala akamwambia Nasike aniambie kwamba Bungoma kuna akina Khamala wengi.