Jina Lililotangulia Kaburi

Jumamosi ile Titus Shivachi alikuwa amemaliza kukamua na alikuwa akikata majani ya nepia kando ya boma lake, kule Shinyalu, gari la wageni lilipopita njiani. Hakuinua kichwa. Alijua linakoenda. Lilikuwa linaenda ng'ambo ya njia, kwa Lihanda, mdogo wake, kama Jumamosi iliyopita na ile ya kabla yake.

Sisi majirani tulimjua Titus kuwa mtu mtulivu. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Habari hii si yeye aliyeisimulia. Aliisimulia mkewe, Pascalia, kwa wanawake wenzake wa kwaya, na sehemu yake ya mwisho tuliiona wenyewe.

Lihanda alikuwa ameendesha magari ya watalii huko Mara kwa miaka mingi. Aliwaona wageni wakilipa ili waguse ndama na kupigwa picha na wachungaji. Aliporudi nyumbani akajiuliza kama Waisukha hawana ng'ombe. Akajenga banda, akanunua gambuti, viatu virefu vya mpira, za kuwaazima wageni, na wageni wakaja. Walijaribu kukamua, wakapeleka ng'ombe malishoni ukingoni mwa msitu, wakala obusuma na ingokho, ugali na kuku, kwa mikono. Kisha fahali wake, Tingatinga, alitolewa zizini kwa ngoma za isukuti. Lihanda mwenyewe alitembea mbele yao na gambuti zake kuukuu, ya kulia ikiwa na kiraka cha mpira wa baiskeli kisiginoni. Wageni walipenda hata kile kiraka. Walikipiga picha.

Kilichomchoma Titus ni kwamba ng'ombe wale wote walikuwa uzao wa zizi la baba yao. Ni yeye aliyewachunga ng'ombe wa baba utotoni, akinyeshewa, wakati Lihanda yuko shuleni. Mzee Shivachi alipofariki, Titus alirithi boma lenye kaburi la mzee, na pembe ya kupuliza. Lihanda alirithi mtamba mmoja. Mtamba yule ndiye aliyemzaa Tingatinga. Titus alibaki na pembe ukutani.

Lihanda naye alikuwa na mdomo. Akimwona kaka yake amesimama uani akilitazama gari, alimwambia mbele ya watu, "Siku wageni wakitaka kuona mtu amenuna, ndugu yangu, nitawaleta kwako." Watu walicheka. Titus alicheka pamoja nao. Pascalia anasema chakula cha siku hiyo mumewe hakukigusa.

Basi Jumamosi ile, baada ya gari kupita, msichana aliyewaongoza wageni alivuka njia akaja kwa Titus. Aliitwa Wendy, wa kutoka Lurambi. Alieleza kwamba wageni wake walikuwa wanakuja kwa mara ya pili. Kukamua walishakamua, fahali walishamwona. Je, hakuna desturi nyingine ya ng'ombe ambayo hawajaonyeshwa?

Titus aliweka panga chini. Akamwambia kuhusu shilembe.

Mzee akifa huku kwetu, ng'ombe hukusanywa. Wanaume hujipaka udongo, hushika matawi, na ng'ombe hukimbizwa kuzunguka kaburi. Katika ukoo wa Shivachi kulikuwa na jambo moja zaidi. Mkubwa wa familia hupuliza pembe, kisha huita jina la marehemu mara moja tu, mbele ya ng'ombe. Ng'ombe wakishalisikia hulichukua, hulipeleka wanakojua wao. Tangu hapo jina hilo haliitwi tena mbele yao. Kazi imekwisha.

Wendy aliuliza kama wageni wanaweza kuona. Titus akasema wanaweza. Waje wiki ijayo, kwake.

Lihanda alipopata habari alivuka njia siku hiyo hiyo. "Hiyo haichezwangi," alisema. "Nani amekufa?"

"Unaogopa watahamia kwangu," Titus akamjibu.

Lihanda akageuka, akavuka njia kurudi kwake.

Aliyefuata ni Mideva, dada ya baba yao, ambaye ukoo mzima ulimwita Senge. Hakuketi. Alitaka kujua Titus ataita jina la nani. Titus alisema ataita la mzee. Mzee ni marehemu, kaburi liko pale, kuna ubaya gani?

"Mzee alishachukuliwa," Senge akasema. "Ng'ombe hawachukui mara mbili."

Jumamosi iliyofuata magari yalisimama kwenye lango la Titus. Yalikuwa magari mawili. Wageni walijipaka udongo usoni wakachekana. Vijana wa isukuti walipanga ngoma zao, na ng'ombe wa Titus wakakusanywa kando ya kaburi. Jua lilikuwa utosini, na Titus, akiwa na pembe ya baba yake mkononi, alihisi kwa mara ya kwanza kwamba mambo yamekaa mahali pake. Ng'ambo ya njia, Lihanda alikuwa ameegemea ua, peke yake.

Titus akapuliza pembe. Ngoma zikalia. Akaita jina la baba yake.

Ng'ombe walisimama.

Wanaume wakawapiga kwa matawi. Ng'ombe walipunga mikia. Titus akapuliza tena, akaita tena. Hakuna aliyeinua mguu. Ngoma moja ikanyamaza, kisha zote. Mgeni mmoja alishusha simu yake. Mwingine alipiga miayo.

Titus alitazama ng'ambo. Lihanda hakuwa anacheka. Angecheka, labda mambo yangeishia pale. Lakini alikuwa akimtazama kaka yake kwa huruma.

Pascalia alikuwa karibu na mumewe. Aliona midomo yake ikijikunja. Alifikiri atawaomba wageni radhi.

Titus akaita, "Lihanda!"

Ng'ombe wakaondoka.

Hakuna aliyewapiga. Pembe haikulia. Walipita kaburi la mzee bila kulizunguka, wakafika kwenye nyasi kando yake, mahali patupu, wakaanza kupazunguka. Walikimbia vichwa vikiwa chini. Walikimbia bila kutoa sauti. Wageni walishangilia na kurekodi. Wapiga ngoma walisimama, mikono imening'inia. Ng'ambo ya njia, Tingatinga aliivuta kamba yake, akalia.

Senge Mideva alijifunga leso yake, akaenda zake bila kuaga.

Vumbi lilipotulia Lihanda alikuja hadi langoni. "Umeniita?" aliuliza.

Titus alisema alikuwa anamwita aje amsaidie.

"Basi nimeitika," Lihanda akasema, taratibu.

Wiki ile Titus alikuwa na furaha. Alipaka lango rangi. Alimwambia Pascalia anunue vikombe. Na kweli, Jumamosi gari lilipofika, wengi waliteremka kwake. Wachache tu ndio waliovuka kwenda kwa Lihanda. Titus aliwamiminia chai mwenyewe. Alikuwa akiwaeleza jinsi alivyochunga ng'ombe akiwa mdogo, na walikuwa wanamsikiliza, mayowe yalipotoka ng'ambo ya njia.

Alikuwa Rachael, mke wa Lihanda. Mumewe alikuwa amechutama anakamua, akiwaonyesha wageni jinsi ya kushika chuchu. Akaegemea ubavu wa ng'ombe kama mtu anayesikiliza kitu. Kisha akalala chini. Ndoo haikumwagika. Daktari alisema baadaye ni moyo.

Wageni wote wa Titus waliacha vikombe wakakimbia ng'ambo. Uwanja ukabaki na viti. Pascalia anasema jambo la kwanza alilosema mumewe, kabla hajauliza kuna nini, lilikuwa hili: "Unaona? Wamerudi kwake."

Rachael aliwaambia wazee kwamba wiki ile, bila kuugua, Lihanda alikuwa amesema akifa alazwe kando ya baba yake. Wachimbaji walipofika waliikuta nyasi imekanyagwa, umbo la mviringo. Hapakuwa na haja ya kupima. Wakachimba ndani yake. Lihanda alizikwa na gambuti zake, kwa sababu Rachael alisema hatamjua mumewe bila hizo.

Mazishini ndipo tulipokuwa sote. Magari ya wageni yalijaa njia hadi kwenye kona ya shule. Watu walitoka Mara, wengine Nairobi. Walilia. Titus alisimama kando ya kaburi akiyatazama magari yale, na uso wake haukuwa wa msiba. Hata maiti ya Lihanda ilikuwa na wageni.

Kisha ikafika shilembe. Ng'ombe wa nyumba zote mbili waliletwa, Tingatinga mbele. Mkubwa wa familia ni Titus. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuita.

Alipuliza pembe. Pumzi yake ilikatika katikati. Akaita jina la mdogo wake.

Ng'ombe walisimama.

Tulingoja. Tingatinga alimtazama Titus. Ng'ombe wote walimtazama. Kisha Rachael akamtazama. Wale waliokuwapo Jumamosi alipoliita jina hilo wakaanza kutazamana, na ungeweza kuona habari inavyopita kutoka uso hadi uso.

Senge Mideva alimsogelea. Alinong'ona, lakini kimya kilikuwa kikubwa, tukasikia.

"Ulishamtuma akiwa hai, na hakuwa tayari kwenda. Sasa atabaki."

Titus alifungua mdomo amjibu.

Sauti ilitoka nyuma ya ng'ombe. Kule hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ua tu na shamba la mahindi. Haikuwa sauti kubwa. Wengine wetu walisema ni majani. Pascalia anasema ilikuwa na utani ndani yake, ule ule wa kila siku.

"Titus."

Ng'ombe wakaondoka.

Walipita kaburi jipya. Walipita kaburi la mzee. Upande wa pili wake kulikuwa na nyasi, patupu, na hapo ndipo walipoanza kuzunguka. Vichwa chini. Bila sauti. Titus aliangusha pembe.

Yu hai hadi leo. Daktari hakumwona na ugonjwa. Wageni hawaji tena upande wowote wa njia, na Rachael amehamia kwao Mukumu, akampeleka Tingatinga huko. Titus aliuza ng'ombe wake wote, hata ndama. Alivunja zizi, akachoma nguzo. Zizi la karibu sasa liko ng'ambo ya mto.

Lakini kila asubuhi nyasi ya upande ule imekanyagwa upya. Kwato. Mviringo ule ule. Tumeziona. Padri alikuja akanyunyizia maji, na kesho yake kwato zilikuwa juu ya maji.

Na katikati ya mviringo kuna alama ya gambuti, ya kulia, yenye kiraka kisiginoni. Mwanzoni ncha yake ilielekea kaburi la mzee. Titus aliisawazisha kwa jembe. Ikarudi, imegeuka kidogo. Akaisawazisha tena. Pascalia alipoona inakoelekea, alichukua watoto akaenda kwa mama yake.

Leo asubuhi haikuwa kwenye mviringo. Ilikuwa kizingitini, imetazama mlango. Titus alituita tuione. Alikuwa amesimama ndani, hataki kuivuka. Mmoja wetu aliinama, akatia kidole ndani ya alama.

Ilikuwa imejaa maziwa. Yalikuwa bado ya moto.