Fundi Aliyetazama Dari

Soko lilikuwa limefurika. Mshonaji, gauni la manjano limemkaa na futi ya kupimia ingali shingoni, alijipenyeza mpaka kwenye kiduka cha fundi simu.

"Kioo kimepasuka, kaka. Nywila ni—"

"Shii! Usinitajie, dada. Andika mwenyewe." Fundi akatazama dari mpaka alipomaliza.

"Unaona haya?"

"Naona mengi, mrembo. Hiyo tu sitaki kuiona."

Kabla mshonaji hajaondoka, fundi alimhimiza mpaka akaunganisha namba yake ya simu na ukurasa wake wa mtandaoni, ule wa picha za magauni na oda za wateja.

Miezi saba simu zao hazikupoa. Kisha asubuhi moja mshonaji akakuta ukurasa umebadilishwa jina na haukubali nywila yake. Kazi ya miaka mitatu imo mikononi mwa mwizi! Damu ikamchemka. Nani mwingine aliyewahi kushika simu yake? Akapiga.

"Ni wewe!"

"Mimi nini, mpenzi?"

"Umeniibia ukurasa! Kumbe dari ilikuwa geresha!"

Fundi akakata simu.

Saa moja baadaye fundi alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea, shati limelowa jasho. Kwenye simu yake akakuza picha ya mwisho ya ukurasa ule: bibi harusi anatabasamu, nyuma yake ukuta wa chumba hicho, ambao mshonaji huandikia vipimo vya wateja kwa chaki.

"Soma hapo chini ya vipimo vya kiuno na nyonga."

Mshonaji akasoma. Ilikuwa nywila yake, moja ya simu na ya ukurasa, aliyoiandika mwenyewe ukutani asije akaisahau.

Bahati njema, mwizi hakuwahi kuiondoa namba ya mshonaji. Wakaomba kuurejesha ukurasa, na tarakimu za siri zikaingia kwenye simu yake.

"Zimekuja! Sita, nne—"

"Usinisomee!" Fundi akatazama dari.

Ukurasa ukafunguka. Nywila mpya ikaingia, ndefu, ya kichwani tu. Machozi yakamtoka mshonaji.

"Asante, mpenzi wangu. Nimekuita mwizi, na hukuninunia."

"Nilinuna njia nzima. Nilipofika mlangoni nikachoka."

Mshonaji akacheka na kulia pamoja. Akachukua kitambaa kibichi, akaufuta ukuta wote, kisha akavua futi shingoni.

"Nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Nakushonea suti ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yangu. Utakuja?"

Fundi, mikono ingali hewani, safari hii hakutazama dari.