CD Iliyokimbia na Maman Godelive

Umeme ulikatika ghafla, na foleni nzima kwenye sekretarieti ya Nyawera, duka la kuchapa kazi kwa kompyuta, ikaguna. Joviale, libaya yake, blauzi ya kitenge cha njano, ikimkaa vizuri, alipiga kelele: kurasa za mémoire yake ya kumalizia chuo, alizokuwa akizirekebisha, zilikuwa zimepotea.

"Maman, haukuenregistrer, haukuhifadhi?" aliuliza Zagabe, fundi wa kompyuta, akizuia kicheko.

"Niko mama yako?"

"Basi, chérie."

"We! Polepole."

Tangu siku hiyo simu kati yao hazikukoma. Lakini mapenzi ya Zagabe yalikuwa na mahubiri yake: nakala moja ikae kwenye kompyuta ya nyumbani, ya pili kwenye CD, ya tatu mbali na mji, maana vita havina adabu. "Na kila moja uifungue kwa machine ingine, uone kama inafunguka."

"Niko na disquettes zangu," Joviale alimjibu. "Wewe unipende tu."

Kisha Virginie, rafiki wa Joviale, akaja kumwambia amemwona Zagabe akimkabidhi dereva wa basi la Luvungi CD yenye jina lake. Wanafunzi wavivu walikuwa wakinunua kazi za wenzao, na Joviale hakungoja hata kukaa chini. Alipiga simu.

"Unauzisha mémoire yangu?"

"Hapana, mupenzi! Niliinakili hapa sekretarieti, nikaituma kwa mama yangu kule Luvungi, aichunge."

"Mama yako anasoma biologie?" Akakata.

Mwezi Juni 2004 risasi zilifika mjini. Nyumba ya akina Joviale, mtaa wa Nyalukemba, iliporwa mpaka milango, na kompyuta ikaenda. Joviale alikuwa amekimbia na disketi zake kifuani. Mji ulipotulia alizifungua kwa binamu yake, akalia kwa sauti. Miezi yote alikuwa akinakili ile alama ndogo ya kwenye skrini, inayoonyesha tu kazi iko wapi ndani ya kompyuta, si kazi yenyewe. Miaka ya kupanda milima kuwauliza akina mama juu ya dawa za majani, na baadhi yao sasa walikuwa wamekufa!

Aliinua simu, aibu ikimchoma.

"Zagabe, ni mimi."

"Uko muzima?"

"Niko muzima. Ni mémoire ndiyo imekufa."

"Haijakufa. Mama iko njiani."

Maman Godelive, mama yake Zagabe, alifika sekretarieti na beseni la mchele, akatoa ndani yake CD iliyofungwa kwa plastiki.

"Ni wewe mwenye hii kitu? Mutoto yangu aliniambia: mama, ukikimbia, acha mbuzi, beba hii. Nikaacha mbuzi."

Jenereta ikanguruma. Kurasa zikafunguka, zote, na majina ya wale akina mama yote. Foleni ikapiga makofi bila kujua sababu.

"Unisamehe," alisema Joviale, machozi yakimtiririka.

"Na mimi. Nilipashwa kukuuliza mbele ya kuituma."

"Sasa copie zitakaa wapi?"

"Moja Luvungi. Moja kwenu. Ingine kwa nyumba yetu, mimi na wewe, ukinikubali."

Joviale alimgeukia Maman Godelive, akamshika mikono miwili.

"Mama, ile mbuzi muliacha, nitaambia papa aihesabu mu mahari."