Uzi wa Mjane Philomène

Kelele ilianzia kabatini, mchana kweupe, wakati wa supu. Tak-taka-tak, tak-taka-tak, kama mtambo wa kufumia hariri, na nyumba ile haikuwa na mtambo hata wa kushonea soksi. Clotilde akaweka kijiko chini.

"Mume wangu, umeleta nini humu ndani?"

"Kazi," akajibu Daktari Bressand, akimega mkate.

Hakuna mtu katika mji mzima wa Lyon anayeijua habari hii kunishinda mimi, hata hao waliokuwepo. Daktari alikuwa ameleta uzi. Kule mlimani kwa wafumaji, kikongwe mmoja, mjane Philomène, alikutwa amenyongwa kwa uzi huo, hariri yake mwenyewe, na daktari alikuwa na ufundi mpya uliowafanya polisi wamvulie kofia: anatazama maiti, kisha anamwandika muuaji asiyemjua, tabia yake, mkono wake, hata mama yake alimlea vipi. Ncha ya uzi ilikuwa imevutwa upande wa kushoto wa marehemu. Basi akaandika: mwanamume, mfumaji, alisimama nyuma yake, ni wa mashoto, anachukia wanawake.

Polisi wakapanda mlima, wakashuka na Benoît Jacquemet, mfumaji wa mashoto. Ni kaka yake Fanchette, na Fanchette ndiye mpishi wa nyumba ya daktari. Kesi ilikuwa kesho, na karatasi ya daktari ilitosha kumkata kichwa.

"Daktari," Fanchette akasema huku akipakua, "Benoît hata kuku hawezi kuchinja. Nachinja mimi."

"Wauaji nao wana dada zao, Fanchette."

"Na wajinga wana vyeti," Fanchette akanong'ona ndani ya sufuria.

Kelele ikanyamaza. Ikaja harufu ya hariri mbichi iliyolowa, kisha Clotilde akasimama bila kusukuma kiti, akaenda kabatini, akautoa uzi, akarudi na kuketi mbele ya mumewe, magoti yakigusana, akamzungushia shingoni polepole kama mama anayemfunga mtoto skafu, akimtazama machoni kwa macho yasiyo yake, akavuta, akaendelea kuvuta, na sauti ya kikongwe ikatoka kifuani mwake: "Nitazame. Hivi ndivyo nilivyokuwa namtazama aliyeninyonga."

"Mkono wa kulia!" Fanchette akapiga kelele. "Anavuta kwa mkono wa kulia, Daktari, na ncha iko kushoto kwako!"

Daktari, uso umemwiva, akakoroma: "Nimekosea."

Uzi ukalegea. Clotilde akapepesa macho, akauliza mbona supu imepoa.

Kesho yake daktari alisimama mahakamani, kola imepandishwa hadi masikioni. Maprofesa walikuwa wamejaa, wamekuja kusikia ufundi wake. Angesoma ile karatasi, angetoka bwana mkubwa. Fanchette alikuwa amekaa mstari wa mbele, hapepesi macho.

"Nimekosea," daktari akasema. "Muuaji alikuwa mbele yake. Alikuwa mtu wake wa karibu."

Watu wakacheka. "Tuambie basi," jaji akasema, "ni nani?"

Daktari alitaka kujibu kwamba hajui. Mdomo ulipofunguka, ikatoka sauti ya kikongwe: "Toinon. Mtoto wa dada yangu. Nilimwomba anifunge skafu, nilisikia baridi."

Nyuma kabisa msichana mmoja, Toinon mwenyewe, akapiga yowe, akaanguka, na alipoinuliwa alikiri yote. Benoît akarudi nyumbani na kichwa chake.

Jumatatu Clotilde alichungulia chumba wanamosubiri wagonjwa wa daktari, akarudi mbio.

"Mume wangu, wamejaa hadi ngazini. Ni nani hawa?"

Ilikuwa Januari, baridi ya kufanya pumzi ifuke kama moshi, mlango uko wazi, na kati ya wote wale hakuna hata mmoja aliyetoa mvuke mdomoni. Wa kwanza kwenye foleni, mzee anayechuruzika maji ya mto, akafungua kola, akamwonyesha daktari shingo yenye alama ya kunyongwa.

"Andika," akasema.