Boksi la Yaya Zakari

Watu wa veranda za katikati ya Lubumbashi wameona mengi, lakini mwanamke aliyebeba kompyuta mgongoni kama mtoto mchanga walikuwa hawajamwona. Mounira aliifunga kwa kitenge cha bluu, akakaza fundo kifuani, akapita polepole kati ya wauza simu na wauza mikate, jasho likimtiririka chini ya kilemba. Pikipiki ingeitikisa, na ndani ya chuma kile ndimo ilimokaa michoro yote ya nguo za wateja wake.

"Mama, mutoto iko na homa?"

Aligeuka. Nyuma ya meza ya kutengenezea mashini alikaa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, bisibisi imechomekwa mfukoni pale wengine wanapoweka kalamu.

"Haina homa. Imekufa tangu jana."

"Basi leta kwa docteur. Polepole, muzazi!"

Mounira akacheka bila kutaka. Kijana aliitwa Hénoc, ukoo wake wa Mitwaba, babu yake aliletwa mjini na kazi ya reli. Alifungua chuma, akapuliza vumbi jekundu, akachomoa kipande kidogo akakisugua kwa kifutio cha mwanafunzi. Mashini ikaamka.

"Ilikuwa mafua tu," akasema.

Kesho yake asubuhi akapiga simu. "Mutoto alilala muzuri?"

"Alilala. Muzazi njo hakulala."

"Juu ya nini?"

"Juu ya docteur mwenye kupenda simu."

Mapenzi yao yakaanza hivyo. Jakaranda zikachanua, wakatembea chini yake, maua ya zambarau yakimwangukia Mounira kwenye kilemba na Hénoc akiyaokota moja moja kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo. Lakini Mounira ni wa nyumba ya Waislamu, mafundi wa nguo wa mtaa wa Kamalondo waliotoka Maniema, na tangu baba yao afariki aliyemlea ni kaka yake mkubwa, yaya Zakari. Hénoc ni Mkatoliki. Mlango wa kupiga hodi ulikuwa mmoja tu, na Hénoc aliuogopa.

"Nitakuja kwa yaya wako," alisema.

"Siku gani?"

"Ngoja mvua ianze."

Mvua ikaanza. "Ngoja kidogo, chérie, mutima ukae."

Sasa, sebuleni kwa Zakari palikuwa na boksi la internet. Zakari aliweza kulifungua kwenye simu yake na kuona majina ya site ambazo watu wa nyumba walizitafuta. Hakuwa na ubaya. Alizoea kulinda, kama mtu anayekaa barazani kuangalia nani anapita. Mounira alipojua hayo, alimpigia Hénoc.

"Inaonaje?"

"Mbele ya kufungua site, mashini yako inauliza jina ile inakaa wapi. Inauliza kwa sauti, sawa muntu anauliza njia katikati ya soko. Boksi inasikia. Sisi tutaifundisha kuuliza ndani ya bahasha ya kufungwa. Banaita DNS chiffré. Boksi itajua tu umetoka. Ulizo yako haitaisikia."

"Niko mbele ya mashini. Sema."

"Fungua paramètres, fasi ya kupanga mashini, ingia kwa réseau, njia ya internet. Umeona fasi ya DNS? Modifier. Weka manuel. Andika namba nilikutumia. Chini yake, kwa chiffrement, ile kufunga bahasha, washa."

"Nimewasha. Na hii swichi ya chini? Inasema njia ya siri ikishindwa, irudie kuuliza wazi."

"Ile iache iwake. Réseau yetu unaijua, inakatika kila mara. Sitaki siku moja ubakie bila kitu."

Mounira akaiacha. Akatafuta kwa moyo mtulivu jambo lililomkosesha raha: namna gani watu wa dini mbili wanafunga ndoa kwa komini, mbele ya serikali. Alimwambia Hénoc peke yake.

Juma lile mvua ilipiga mfululizo. Siku moja Zakari alirudi na simu yenye kioo kipya, akimsifu fundi mmoja wa Mitwaba. Kesho yake, mezani, akamega bukari, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akauliza bila kuinua macho:

"Mounira, hii ndoa ya dini mbili, uko natafutia nani?"

Mounira akakohoa. Akasingizia pilipili, akatoka uani na simu.

"Hénoc, ulimuambia!"

"Nilimuambia nani?"

"Yaya yangu! Alikuwa kwa meza yako!"

"Nilimubadilishia kioo tu! Nilijua ni yeye, lakini hata jina yako sikutaja, minaapa!"

"Hukutaja?" Sauti ya Mounira ikashuka. "Alikaa mbele yako, na hukusema kitu? Ile njo mubaya zaidi."

Akakata. Simu ikaita, hakushika. Akashona nguo za mama mmoja wa mtaa wa Golf, akakosea mkono, akafumua, akakosea tena.

Siku chache zikapita. Ikaingia sauti ya Hénoc ndani ya message: "Mounira, usinijibu. Fungua tu fasi ya DNS. Réseau ilikuwa mubaya na mvua, njia ya siri ikakatika, mashini ikauliza wazi, boksi ikasikia jina ya site. Ni ile swichi. Ni miye nilikuambia uiache. Izime."

Mounira akafungua. Swichi ilikuwa inawaka. Akakaa akiitazama, hasira ikimtoka kidogo kidogo. Kisha akapiga.

"Unajua ugonjwa yako, docteur? Kila fasi unaacha njia ya kurudia nyuma."

Mounira akaweka kidole juu ya swichi.

"Nikiizima, na njia ya siri ikatike?"

"Utabakia bila internet mpaka irudie."

"Basi nibakie." Akaizima. "Ya kwangu nimezima. Na ya kwako?"

Kwenye simu yalisikika magari ya mjini, kisha sauti ya Hénoc.

"Yaya Zakari iko nyumbani siku ya Mungu?"

"Iko."

"Nikitoka misa, nitakuja na mujomba."

Alikuja kweli, suti ya kijivu, viatu vimejaa tope jekundu, na mjomba wake Lucien akitangulia na kofia mkononi. Zakari alifungua mwenyewe.

"Kumbe docteur wa kioo!"

Lucien alisema maneno marefu ya heshima. Zakari akasikiliza, akaiweka simu yake juu ya meza, kioo chini.

"Juma hii boksi hainiambie kitu tena juu ya dada yangu. Nilisema labda mashini imekufa. Basi nimebakia na muntu mumoja tu wa kuuliza. Mounira!"

Akaingia na sinia ya chai, amevaa kitenge kile kile cha bluu.

"Ulizo yangu ya kwa meza hukuijibu. Ile ndoa ulikuwa natafutia nani?"

Angeweza kusema mteja. Akamwangalia Hénoc, naye hakuinamisha macho.

"Natafutia miye, yaya," akanong'ona. "Miye na huyu."

Zakari akavuta pumzi ndefu. "Mambo ya dini haiishe siku moja."

"Tutarudia," akasema Lucien.

"Murudie. Murudie hata mara mingi." Akamgeukia dada yake. "Lakini weye, sema tena kwa nguvu. Mujomba wake hakusikia."

Mounira akaweka sinia chini, akasema tena kwa sauti.