Kadi Iliyolala Kifudifudi

Mimi Verna Stoltz nina ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeupatia dawa: kiherehere. Nikiona kitu kimepungua, mkono unaniwasha mpaka nikijaze. Marehemu mume wangu, Hollis, alikuwa akinitania, "Verna, we ungemkuta Mungu anaumba ungemshika mkono, umwambie hapo bado rangi." Tulikuwa tunacheka sana. Sasa hivi sicheki.

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Oktoba, miaka sita iliyopita, jua linazama. Nilitoka nyumbani kwenda kuchukua boksi. Boksi tu, jamani, si kitu kingine.

Boksi lenyewe lilikuwa kwa Bi Ottilie Krantz, kikongwe wa miaka tisini na mbili, nyuma ya kanisa la Walutheri hapa mjini kwetu, Ohio. Kesho yake alikuwa anahamia makao ya wazee, na alikuwa anagawa vitu. Kadi za posta za Halowini, ile sikukuu ya mizimu na wachawi ya mwisho wa Oktoba, alisema ni zangu, maana mji mzima unajua mimi ndiye mtu wa mapambo. Natengeneza paka weusi wa karatasi na gundi, maboga yanayokenua meno, wachawi wa vitambaa vya kuchakaa. Na kadi za zamani, zile za enzi za bibi zetu, nazibandika kwenye vibao vya mbao, nazipaka vanishi, nazipeleka kwenye mnada wa kanisa. Watu wanazigombania.

Nilimkuta kibarazani katikati ya masanduku, kajifunga blanketi.

"Chukua, mwanangu. Zilikuwa za shangazi yangu Almira," alisema. "Zimekaa hivyo hivyo alivyoziacha."

Nikashika boksi. Yeye hakuliachia. Tukabaki tumelishika wote wawili, mpaka nikaona aibu.

"Bi Ottilie?"

"Ah. Haya, chukua."

Nyumbani nikachemsha juisi ya tufaha na mdalasini, nikakaa mezani pangu pa kazi, nikafungua. Loo! Paka kakunja mgongo mbele ya mwezi. Boga lenye miguu linamvulia bibi kizee kofia. Mchawi mwenye mashavu mekundu, mzuri kuliko bibi harusi. Rangi ya chungwa bado kali, baada ya miaka mia! Nilikuwa naongea peke yangu kwa furaha.

Zote zilikuwa zimelala picha juu. Isipokuwa moja, ya chini kabisa. Hiyo ililala kifudifudi.

Nikaigeuza.

Haikuwa ya kiwandani. Ilichorwa kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa stadi. Msichana wa gauni jeupe, katugeuzia mgongo, kashika mshumaa mbele ya kioo kirefu. Ule mchezo nilikuwa naujua, bibi yangu mwenyewe aliucheza: jioni ya Halowini msichana anasimama gizani na mshumaa, anakodolea kioo, na mume wake mtarajiwa anatokea nyuma ya bega lake. Kadi za wakati ule zimejaa mchezo huo. Lakini hii, mahali pa kioo palikuwa peupe. Mtu alikuwa amepakwangua kwa kisu, kwa nguvu, mpaka karatasi ikafumuka nyuzi.

Nikasema, uharibifu gani huu!

Nyuma ilikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yamejaa kona hadi kona. Niliyasoma? Thubutu. Nyuma ya kadi, kwangu mimi, ni mahali pa kupaka gundi. Watu hawanunui nyuma. Nikaipaka gundi, nikaibandika kwenye kibao, nikaigandamiza kwa pasi baridi. Wanasema kuuliza si ujinga. Na kusoma je?

Kisha nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote, nikajaza kioo.

Nilihitaji uso wa yule msichana. Mimi nyuso zangu zote ni moja. Wanasesere wangu wote, malaika wangu wote wa Krismasi, wana sura ya mwanangu Joleen: kidevu kilichochongoka, doa dogo chini ya jicho la kushoto. Ni mtoto wangu wa pekee, na wakati ule zilikuwa zimebaki wiki tatu aolewe na Wade. Basi nikamchora Joleen kiooni, anajitazama. Mwanamume sikumchora. Nilisema kwa sauti, nacheka, "Bwana harusi tunaye tayari, hana haja ya kutafutwa."

Nikapaka vanishi, nikalala.

Asubuhi palikuwa na doa nyuma ya bega la Joleen. Nikadhani vanishi imechafuka. Nikafuta, nikapaka rangi ya ule ukuta wa pichani juu yake.

Mchana likarudi. Safari hii lilikuwa na kofia.

Ndipo nikasikia harufu. Mshumaa. Si unaowaka... uliozimwa sasa hivi, ule moshi wake mzito wa mafuta. Nikazunguka nyumba nzima. Sikuwa na mshumaa hata mmoja ndani.

Jioni simu ikalia. Joleen.

"Mama, hivi ulipokuja kwangu Jumapili uliwasha mshumaa bafuni?"

Nikakaa chini. "Mshumaa gani?"

"Sijui. Kunanuka. Lakini nikisimama kwenye kioo tu, nikitoka hakunuki." Akacheka kidogo. "Wade anasema ni woga wa ndoa."

"Wade tangu lini kawa daktari?"

Hakucheka tena. Akashusha sauti.

"Mama. Kuna mtu ananipumulia shingoni."

Nikageuka kutazama kibao mezani. Yule wa kofia alikuwa amesogea. Uso hakuwa nao, palikuwa na giza tu chini ya kofia. Lakini mkono alikuwa nao, na kidole kimoja kilikuwa begani kwa mwanangu.

Usiku ule sikulala, nilikwenda na kurudi kama kuku anayetaka kutaga. Kesho yake, siku yenyewe ya Halowini, nikakimbilia makao ya wazee. Mhudumu akaniambia Bi Ottilie analala, nirudi jioni. Nikarudi jioni. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, na nilipotaja kioo hakuuliza kioo gani.

"Ulisoma nyuma?" alinong'ona.

"Nilipaka gundi."

Akaitazama mikono yangu. Haki ya Mungu, ningefurahi angenitukana.

"Shangazi Almira alimwona yule kiooni," akasema. "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akamchora ili amtoke kichwani, na mbele yake akajichora yeye mwenyewe. Basi yule akajua pa kusimama."

"Ndipo akamkwangua?"

"Aliwakwangua wote wawili. Yule akaondoka. Lakini shangazi naye, mpaka anakufa, hakujiona tena kwenye kioo. Mimi mtoto mdogo alikuwa ananishika kidevu, ananiuliza, 'Ottilie, bado nina uso?'"

"Wewe ulikuwa unamwambia nini?"

Bi Ottilie akageukia dirisha. "Nilikuwa namwambia anao."

Nikaendesha gari kama mwendawazimu. Jua lilikuwa linazama na barabara zimejaa watoto: mizimu ya mashuka, maharamia, nyuki wadogo wenye mabawa ya waya, kila mmoja na mfuko wake wa pipi. Nilipiga honi mpaka mama mmoja akanipigia kelele, "We bibi, una haraka ya kwenda kuzimu?" Nilikuwa naliwaza gari la Joleen. Kila Halowini anakuja kwangu kuwagawia pipi watoto wanaopita nyumba kwa nyumba.

Na kweli, gari lake lilikuwa pale. Taa za chini zimewaka, bakuli la pipi liko mlangoni, yeye hayupo.

"Joleen!"

Juu, bafuni, kitu kikaanguka sakafuni. Nikajua. Kila mwaka anajichora ndevu za paka usoni kabla watoto hawajaanza kuja. Anajichora mbele ya kioo.

Nikapanda ngazi nikihema. Mlango umefungwa. Harufu ya mshumaa ilikuwa inatoka chini ya mlango, nzito, ya kukaba koo.

"Joleen, mwanangu, fumba macho! Usitazame!"

"Mama..." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama alipokuwa na miaka mitano. "Mama, siwezi kugeuka. Kanishika."

Niliupiga mlango bega. Haukutikisika. Nikashuka mbio, nikashika kibao. Kwenye picha mkono wote ulikuwa begani sasa, na kofia imeinama sikioni kwake. Nikachukua kisu changu cha kukatia karatasi nikaanza kumkwangua yule wa kofia. Kisu hakikumshika. Vanishi yangu mwenyewe, nzuri, ngumu kama kioo! Kikateleza kikamgusa Joleen shavuni.

Juu, Joleen akapiga ukelele.

"Mama! Uso wangu!"

Kisu kikanidondoka. Nilisimama pale nalia, mtu mzima, nje watoto wanacheka barabarani. Nimkwangue mwanangu awe kama Almira? Aolewe bila kujiona, azeeke akiwauliza watoto kama bado ana uso? Nimwache aende naye?

Mkono ukaniwasha.

Nikashika brashi. Sijawahi kujichora maishani mwangu, sikuwahi kuona kama napendeza kiasi hicho. Lakini sura yangu naijua. Kile kidevu kilichochongoka nikakifunika kwa changu kipana, chenye mfuo katikati. Doa nikalifuta. Pua yangu, kubwa kama kishikio cha mlango. Ule unyusi wangu mmoja uliopanda juu kila wakati, kama namdai mtu maelezo. Makunyanzi. Nilipiga rangi juu ya vanishi bila kusubiri rangi ikauke, nikisema kimoyomoyo, mtazame huyu, mtazame huyu, mwache yule.

Nikamaliza jicho la pili.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Joleen akashuka ngazi akishika ukuta, ndevu za paka zimepinda shavuni, mkwaruzo mwembamba chini ya jicho.

"Kaondoka," alisema. "Mama, yule alikuwa nani?"

Kabla sijajibu kengele ikalia na watoto wakaanza kupiga kelele za kudai pipi. Joleen alikwenda akawagawia. Nilimwona anajilazimisha kumsifia nyuki mabawa yake. Mimi nilibaki mezani. Nilikuwa nimeanza kusikia pumzi shingoni, na moshi wa mshumaa.

Joleen aliolewa wiki tatu baadaye, akapendeza mno. Ile kadi niliitumbukiza kwenye maji ya moto ili nisome nyuma, lakini gundi ilikuwa imekula penseli. Nilipata maneno mawili tu, pembeni: "Hasahau uso." Nikaikausha, nikaitia kwenye droo. Kuichoma niliogopa, maana sura yangu imo.

Na yule wa kofia nimeishi naye. Nikichana nywele yupo nyuma, kofia na giza lake. Hanigusi. Nadhani alitegemea msichana akapata kizee cha Ohio chenye magoti mabovu. Nilimzoea kama unavyomzoea jirani mbaya. Kila siku namwambia, "Umeamkaje, bwana? Leo pia huna la kufanya?" Nilikuwa najiona mjanja, nimempata.

Mwaka uliofuata ule wa harusi nikapata mjukuu, Adeline. Sisi tunamwita Addie. Tangu siku ya kwanza pale hospitali Wade alicheka akasema, "Mama, huyu ni wewe chapa." Na ni kweli. Kidevu kipana chenye mfuo. Pua, maskini, pua yangu. Unyusi mmoja umepanda. Nilifurahi, jamani. Nani asiyefurahi? Nilimbeba nikamwonyesha mji mzima.

Sasa ana miaka mitano, yuko chekechea. Leo ni Halowini tena, na asubuhi posta wameniletea bahasha. Kadi, kaitengeneza mwenyewe: karatasi ngumu, gundi imevimba pembeni, rangi ya chungwa imepenya mpaka upande wa pili. Siku hizi kadi naisoma nyuma kwanza. Niliilaza mezani picha chini, nikavaa miwani.

Mwalimu ndiye aliyeandika, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake mzuri. Juu kaandika: "Maneno ya Addie mwenyewe." Halafu:

"Bibi, hiki ni kioo cha shule. Huyu ni mimi. Huyu wa kofia anasema nina sura yako, lakini mpya."

Sijaigeuza. Nimempigia Joleen mara tisa. Yuko njiani na mtoto, hapokei simu akiendesha, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo. Watafika saa kumi na mbili, Addie kajivika kama paka. Vioo vyote vya nyumba nimevigeuzia ukutani, kasoro hiki kidogo cha mkononi. Nimekishika tangu asubuhi. Najitazama, nanusanusa hewa kama mbwa.

Nyuma yangu hakuna mtu. Wala harufu ya mshumaa haipo. Miaka sita mizima, hii ndiyo mara ya kwanza.